Outlook inajifunga yenyewe kwenye kompyuta nzito: usipige Windows upya kabla hujaangalia diski

Mkuu mleta mada pole sana. Umesema ofisi yenu iko Moshi mnapandisha wageni mlimani, mna desktopu ya zamani pale mapokezi, RAM 4GB, hadi diski (hard disk) ya kawaida ya kuzunguka, Windows 10, na Outlook 2016, ile programu ya imeili, inafunguka kwa mbinde, afu ukigusa folda ya mwaka jana inaganda na kujifunga, na fundi keshakwambia dawa ni kupiga Windows upya, yaani kufomati na kuiweka tena toka mwanzo. Mi niko Arusha, kazi yangu ni kuzunguka kwenye maofisi ya safari na ya kahawa nikitengeneza kompyuta, na huu ugonjwa nakutana nao mno, kwa hiyo nitaandika kirefu mnivumilie.

Kwanza usiruhusu mtu apige Windows kabla hujajua imeili zenu zinakaa wapi. Fungua Outlook ikikubali, nenda File, Account Settings, halafu Data Files, hapo utaona jina la faili na mahali lilipo. Kama linaishia na .ost maana yake akaunti ni IMAP au Exchange (aina za kuunganisha imeili), imeili zenyewe ziko kwenye seva na hilo la kwenye kompyuta ni nakala, likiharibika unafunga Outlook, unalibadilisha jina, ukifungua tena inajitengenezea jingine. Ila kabla ya hapo hakikisha Outbox haina kitu kilichokwama na kontakti zenu zinaonekana kwenye webmail (imeili ya kufungulia kwenye Chrome), na jua itashusha imeili zote upya, kama mnatumia bando mtalia, tafuteni intaneti ya kueleweka muiache usiku.

Kama linaishia na .pst na akaunti ni POP, ile inayoshusha imeili kutoka seva kuja kwenye kompyuta, hapo tulia kabisa. Ofisi nyingi huku zimewekewa POP makusudi kwa sababu hosting (nafasi ya kukodi kwenye seva) waliyonunua ni ndogo, seva ikijaa mgeni anaandika imeili inamrudia, kwa hiyo aliyewaunganishia akaweka imeili zifutwe kwenye seva zikishashuka. Yaani booking zote, skani za pasipoti, invoisi, majibizano ya mgeni toka siku ya kwanza anauliza apande mlima kwa njia ya Machame au Marangu mpaka siku anatua uwanja wa KIA, vyote vipo kwenye faili moja tu ndani ya hiyo hadi diski ya zamani. Mtu akifomati bila kulitoa hakuna seva ya kukurudishia. Nimeshaona ofisi imepoteza barua za miaka namna hiyo, aliyefomati alikuwa kapakua Desktop na Documents za mtumiaji mmoja tu, faili la imeili lilikuwa kwa mtumiaji mwingine, na mwenye ofisi alikaa pale akiandikia mawakala wa Ujerumani mmoja mmoja awaombe wamtumie tena walichokubaliana. Inauma kuiona.

Sasa umeuliza kama ni matatizo mawili, kompyuta kuwa nzito na Outlook kujifunga. Kwa niliyoyaona mimi, kwenye mashine za hivi mara nyingi ni ugonjwa mmoja na unakaa kwenye diski. Outlook hailisomi hilo faili moja kwa moja toka mwanzo mpaka mwisho, inarukaruka, kichwa cha barua kiko huku, mwili kule, atachimenti sehemu nyingine kabisa. Hadi diski ya kuzunguka inachoka na kurukaruka, na kama kuna sehemu zimeanza kufa inajaribu kusoma palepale tena na tena, Windows inasubiri, Outlook inasubiri, unaona Not Responding, baada ya muda inadondoka. Halafu mtu wa mapokezi ana mgeni mbele yake, hana muda, anabonyeza swichi na kuzima. Faili halikufungwa vizuri, kesho Outlook ikiwaka inaanza kulikagua upya, kompyuta inazidi kuwa nzito, anazima tena. Ongeza na umeme unaokatika bila taarifa kwenye desktopu isiyo na UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika). Ndo maana folda ya mwaka jana inaangusha na folda ya leo haiangushi, kilichooza kiko upande wa folda ile.

Kuna ofisi moja Njiro, hapa Arusha, niliitwa kwa shida kama yako, dada wa reservation alishajua kwamba akigusa tu folda ya mwezi wa nane Outlook inaondoka, akawa haigusi, anafanya kazi kwa kuizunguka. Nikamwambia aiguse nikiwa nimesogeza sikio kwenye kasha. Pale pale diski ikaanza tik, tik, tik, inanyamaza, inarudia, taa nyekundu ya mbele imewaka moja kwa moja haipepesi, mausi inatembea ila hakuna kinachofunguka, halafu dirisha likawa jeupe na kupotea. Sauti ile ukiisikia acha kila kitu, hiyo kompyuta hata kufungua Word usifungue, kazi iliyobaki ni kutoa data.

Kwako ambaye uko mbali angalia hivi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager itakuja, angalia safu ya Disk wakati Outlook inafunguka. Ikikaa 100% muda mrefu na data inayosomwa ni kidogo, kilobaiti chache tu kwa sekunde, diski inahangaika. Kisha andika eventvwr kwenye Start, ingia Windows Logs, upande wa System tafuta makosa yenye chanzo disk, ile namba 7 inasema wazi kwamba kuna bad block, yaani sehemu ya diski iliyokufa. Ukikuta na Kernel-Power namba 41 nyingi, hizo ni mara ambazo kompyuta ilizimika bila kuzimwa kistaarabu, iwe umeme au mtu wa swichi. Ukihamia upande wa Application utakuta makosa ya OUTLOOK.EXE yenye mstari wa Faulting module name, yaani kipande cha programu kilichoangusha, nakili jina la hapo. Mwisho shusha CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, ni ya bure na ni ndogo, ikiandika Good bado angalia Reallocated Sectors na Current Pending Sector (sehemu zilizokufa na zinazosumbua kusomeka), ikiandika Caution au Bad usibishane nayo.

Na hapa ndo nasema kupiga Windows upya kwenye diski iliyochoka ni kubadilisha dereva wakati tairi ndo limepasuka. Itaonekana nyepesi kwa wiki kwa sababu imefutwafutwa, afu inarudi palepale.

Kutoa data. Funga Outlook kabisa, hakikisha kwenye Task Manager haipo, chukua faili la .pst (mara nyingi liko Documents, ndani ya Outlook Files) ulinakili kwenye diski ya nje. Wengi wanakwama hapa, wanachomeka flashi ya 64GB ina nafasi tele na Windows inakataa inasema faili ni kubwa mno, wanadhani faili limeharibika. Hapana, flashi imefomatiwa FAT32 (aina ya mpangilio wa faili) na FAT32 haibebi faili moja linalofika 4GB, ifomati exFAT au NTFS itapita, ila toa kwanza vilivyomo. Ukinakili ikaleta kosa la cyclic redundancy check, yaani data haisomeki vizuri, acha, usirudierudie, kila jaribio linaichosha zaidi. Na wala usikimbilie chkdsk /r (amri ya Windows ya kukagua diski) kwanza, najua watu wengi wanaishauri, lakini inaikwangua diski nzima toka mwanzo mpaka mwisho na diski mgonjwa inaweza ikafia hapo hapo data ikiwa ndani. Zima mashine, tafuta mtu anayejua ddrescue ya Linux, ile inaokota kwanza sehemu zinazosomeka halafu ndo inarudi kwenye zilizogoma. Wakati mnasubiri tumieni webmail kujibu wageni.

Ukishakuwa na nakala mbili, moja usiiguse kabisa, nyingine ndo unaifanyia matengenezo, na uifanyie kwenye kompyuta nyingine yenye diski nzima. Kuna kifaa kinaitwa SCANPST kinakuja na Office yenyewe, kwa Office 2016 tafuta ndani ya Program Files, Microsoft Office, root, Office16, kama hakuna jaribu Program Files (x86). Outlook iwe imefungwa. Unakichagulia faili, kinapita hatua 8 za ukaguzi, kwenye faili kubwa itakaa sana kwenye baadhi ya hatua mpaka utadhani imeganda, iache. Ikimaliza inakwambia imekuta makosa, weka tiki ya kutengeneza bakap, bonyeza Repair. Halafu rudia tena kwa faili lilelile, watu wanaishia mara moja, wakati makosa mengine yanaonekana baada ya ya kwanza kuondoka, endelea mpaka iseme safi. Kuna barua zinaweza zikatokea kwenye folda ya Lost and Found, usiifute, yule dada wa Njiro invoisi zake kadhaa tulizikuta humo.

Kama diski iko salama na faili liko safi bado inajifunga, bonyeza Windows na R andika outlook.exe /safe. Ikitulia kwenye hali hiyo mchawi ni viongezi (add-ins, vijiprogramu vilivyojibandika kwenye Outlook), nenda File, Options, Add-ins, pale chini COM Add-ins bonyeza Go, toa tiki zote halafu rudisha kimoja kimoja. Vya kutengeneza PDF na vya antivairasi ndo huwa naanza navyo. Hapo hapo kwenye Options, Advanced, zima hardware graphics acceleration, kwenye kadi za zamani inasaidia. Na kama faili la .pst liko ndani ya folda inayojipakia OneDrive au liko kwenye kompyuta ya mwenzako kupitia mtandao wa ofisi, lirudishe kwenye diski ya ndani, halikutengenezwa kukaa huko.

Mashine yenyewe sasa. Nunua SSD (diski isiyozunguka, ya kasi) yenye waya wa SATA, hizo desktopu zinaikubali bila shida, piga Windows humo kwenye SSD mpya (sasa ndo muda wake) na ile diski ya zamani itoe uiweke kabatini bila kuifuta. RAM ipandishe ifike 8GB, ila kabla hujalipa ingia Settings, System, About, kama imeandikwa 32-bit operating system basi RAM ya ziada haitaonekana mpaka uweke Windows ya 64-bit, na muuzaji muulize kama bodi yako inatumia RAM aina ya DDR3 au DDR4 maana haziingiliani. Ukilazimika kuchagua kimoja, anza na SSD. Mtu wa mapokezi ana Outlook, Chrome yenye tabo lukuki na WhatsApp Web, 4GB haitoshi na Windows inageukia diski kuifanya RAM, sasa kama diski ndo ile ya kuzunguka unaelewa mwenyewe. Jua pia Windows 10 na Office 2016 zote muda wa apdeti za kawaida uliisha 14 Oktoba 2025, kwa hiyo wakati unapanga bajeti lipange na hilo.

Ukubwa wa faili usiusahau. Toka Outlook 2010 kikomo cha .pst ni 50GB, ya 2003 na 2007 ilikuwa 20GB, lakini kwenye mashine dhaifu shida inaanza kitambo kabla hujafika huko. Ukifuta barua faili halipungui, hapo hapo, nafasi inabaki tupu ndani yake, ukitaka lipungue nenda Data Files, Settings, Compact Now. Panga folda kwa ukubwa, utaona kinachokula. Ofisi za utalii huwa ni mambo mawili, pasipoti zilizopigwa picha na simu kwa ubora wa juu, na saini. Hiyo saini yenye picha ya tembo na mlima na nembo za mashirika, kila ukijibu inaingia tena, mgeni akijibu inarudi tena, majibizano marefu yanabeba tembo wengi. Ipunguze picha iwe ndogo. Barua za miaka iliyopita zitoe uziweke kwenye .pst yake kila mwaka, isifunguliwe mpaka ikihitajika. Kazi hii ifanyeni masika, Aprili na Mei wageni wakipungua, msisubiri Julai.

UPS ndogo lazima, hata ya kukupa dakika chache za kufunga Outlook na kuzima. Na bakap ya .pst kila wiki kwenye diski ya nje inayotolewa na kufungiwa, isiachwe imechomekwa.

Wanaotumia Thunderbird, programu nyingine ya imeili, maelezo mengi ni yaleyale, ila kwenu anzeni na Compact Folders, antivairasi ambieni isiguse folda ya Profiles kwa sababu huwa inaweza kuliweka karantini faili zima la Inbox kwa ajili ya barua moja, na folda ikionyesha vichwa visivyolingana na barua tumieni Repair Folder kwenye Properties. Viongezi kuvizima washeni huku mmeshikilia Shift.

Mkuu anza na CrystalDiskInfo leo leo, uniambie imeandika nini, faili ni .pst au .ost na lina ukubwa gani, na ule mstari wa Faulting module. Kama ni Caution usiwashe hiyo mashine tena mpaka upate diski ya nje mkononi.