Kilo 15 hadi Nairobi

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa watu wa kazi, wanaokwenda Nairobi siku mbili tatu kwa semina, mkutano au kufuata zabuni, wakarudi na risiti ya mzigo uliozidi ambayo ofisi haiwarudishii. Safari hizo ninazifanya mwenyewe kutoka Manda, uwanja wa ndege wa Lamu, basi najibu kwa niliyoyapitia.

Swali: Mimi ni afisa wa mradi hapa Lamu. Ndege ndogo ninayopanda inaruhusu kilo 15, begi la mkononi likiwemo. Kila mara nazidi kilo tatu au nne, na nguo zangu si nyingi. Kilo hizi zinatoka wapi?

Jibu: Anza na sanduku lenyewe. Nilikuwa na sanduku gumu la magurudumu, nikilipenda sana. Siku moja kaunta waliniambia nilipie kilo nne. Nikafungua mbele ya foleni nzima, nikavaa koti juu ya koti, nikatoa vitabu nikavishika kwapani, na bado mizani haikushuka vya kutosha. Niliporudi nikalipeleka tupu kwa muuza samaki pale gatini. Akalitundika kwenye ndoana ya mizani yake, likazunguka kidogo, mshale ukatulia: kilo nne kasorobo. Karibu robo ya haki yangu nilikuwa nalipa sanduku, si nguo.

Na magurudumu hayo Lamu yana kazi gani? Ukishuka Manda unavuka kwa boti. Maji yakipwa unapanda ngazi za gati zenye utelezi, kisha unaingia vichochoroni ambamo punda mwenye shehena akija, wewe unajibana ukutani. Tafuta begi laini la kitambaa, la kuning'inia begani, lisilofika hata kilo moja na nusu. Ndege ndogo zenyewe hutaka begi la namna hiyo, maana chumba cha mizigo mara nyingi kiko chini ya tumbo la ndege na ni chembamba. Begi laini hubonyezwa likaingia. Rubani hujumlisha uzito wa watu, mafuta na mizigo kabla ya kuruka, kwa hiyo usimwonee uchungu mtu wa kaunta anayekataa kukusamehe.

Baada ya sanduku, tazama viatu. Jozi ya viatu vya ngozi vya mwanamume inakaribia kilo. Vivae safarini, pakia ndala tu. Koti la baridi ya Nairobi ya Juni na Julai nalo livae au ulishike mkononi. Kompyuta na chaja yake huenda zikafika kilo mbili, na hizo huna pa kuzipunguza, kwa hiyo punguza kwingine: suruali moja mwilini na moja begini, mashati mawili yanayokauka usiku mmoja ukiyafua bafuni. Kikoi kimoja ni taulo, ni shuka, ni nguo ya kulalia. Semina ya siku tatu haihitaji zaidi. Nasema hivi baada ya miaka ya kurudi nyumbani na nguo ambazo hazikukunjuliwa.

Swali: Nimekata tiketi ya bei ya chini kabisa kutoka Malindi, kufika uwanjani naambiwa begi langu kubwa halimo. Ni haki kweli?

Jibu: Ni haki, dada yangu, ingawa inauma. Tiketi za bei ya chini mara nyingi huuzwa na begi la mkononi peke yake, na huwa imeandikwa pale pale kabla hujalipa. Ukijua utakuwa na mzigo, ulipie siku unayokata tiketi. Ukingoja hadi kaunta, kwa kawaida bei huwa imepanda.

Swali: Pawabanki niiweke wapi?

Jibu: Mkononi, kamwe si kwenye mzigo wa chini. Betri za lithiamu zinaweza kushika moto, na moto ulio mbele ya macho ya watu huzimwa mapema. Kikomo cha kawaida ni wati-saa (Wh) 100, yaani kipimo cha umeme unaohifadhiwa na betri. Pawabanki ya 20,000 mAh ina kama wati-saa 74, kwa hiyo unapita. Hakikisha maandishi yake hayajafutika, wakaguzi huyasoma.

Swali: Mimi ni fundi wa kuchonga. Nikienda kuonyesha kazi kwa wateja nabeba vipande vya mbao na vifaa vyangu, na gharama inanimaliza.

Jibu: Beba kipande kimoja kidogo, kile chenye nakshi yako bora, mteja akipapase. Vingine piga picha mchana, karibu na dirisha, mwanga ukitoka ubavuni ili mchongo uonekane kina chake. Patasi hazipandi nawe kabini. Kama huendi kuchonga huko, ziache nyumbani. Mbao kubwa zitangulize kwa basi kutoka Mokowe, ng'ambo ya bara, zikusubiri.

Swali: Mzigo wangu mimi si tatizo. Kila nikisafiri, shangazi na majirani huleta vifurushi vya watoto wao walioko Nairobi. Nikikataa naonekana najivuna. Nifanyeje?

Jibu: Hili ndilo swali lililonigusa. Shangazi anayekuletea chupa ya achari saa ya magharibi hakuletei mzigo. Anamtumia mwanawe mkono wake. Kwa hiyo usimjibu kwa ukali, na usimngoje afike mlangoni. Siku tatu kabla pita kwake umwambie: "Shangazi, safari hii nina kilo mbili zako, na za majimaji hazimo." Achari na samli zikimwagika zinaharibu nguo za mkutano zote. Kifurushi kikizidi kilo hizo, toa nauli yake kisafiri kwa basi. Fedha hiyo hutaijutia.

Lakini kifurushi kilichokwisha kushonwa au kufungwa kwa gundi, usikichukue, hata kikitoka kwa mtu unayemheshimu. Uwanjani utaulizwa kama umepakia mwenyewe, na kilichomo ni chako mbele ya sheria. Sema kwa adabu, "Nifungulie nikione, kisha tukifunge pamoja." Mwenye nia njema hufungua.

Shangazi yangu mimi sasa huniuliza kwanza nimebakiwa na kilo ngapi. Safari iliyopita nilimwambia moja na nusu. Akaenda dukani kwa jirani, akapimiwa mabuyu kilo moja na nusu, akaniletea mfuko ukiwa wazi.