Mifuko ya mchanga haitatosha, dada

Dada, umeuliza kama mifuko ya mchanga mlangoni itakutosha masika haya, maana nyumba yako ya mabati iko hatua chache kutoka Mto Mathare, hapa Nairobi. Haitatosha. Mifuko huzuia maji ya uani. Mto ukifurika husukuma ukuta wenyewe.

Tazama mto ulivyobanwa: nyumba zimejengwa hadi ukingoni, taka za plastiki na matope zimejaa chini ya vivuko, na huko juu ardhi imefunikwa kwa lami na saruji, hainywi maji tena. Ndiyo maana kwako panaweza kuwa pakavu, mvua inyeshe mbali, na mto upande ghafla. Aprili 2024 maji yaliingia majumbani usiku, watu wamelala.

Ukiweza, hama kabla mvua haijashika, hata kama ni chumba kidogo zaidi huko juu. Ukishindwa, elewaneni na majirani mkeshe kwa zamu. Vitambulisho na vyeti vya watoto vifunge kwenye mfuko wa plastiki, uuning'inize karibu na mlango. Zima stima mapema. Na maji yakianza kuingia, beba watoto utoke. Tafadhali, godoro usilirudie.