Mwenye wimbo alilipa kiingilio

Wiki hii mmeuliza: mwanamuziki anaporekodi upya wimbo wa mwenzake ili kuchangisha fedha za msaada, anawasaidia wenye shida au anajitangaza mwenyewe? Swali hilo nililisoma nikiwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga hapa Uyole, na kabla debe langu halijamiminwa nilikuwa na jibu. Anajitangaza. Nani asiyejua? Wenye shida wakishapata chao wanasahaulika, yeye jina limekwenda mbele.

Nimefika nyumbani nimeandika mistari miwili nikaifuta. Leo ni siku ya tatu, unga umekwisha kuliwa nusu na bado naandika.

Shida ni kwamba swali lenu lina watu wawili tu, mwimbaji na mwenye shida. Yupo wa tatu, aliyeutunga huo wimbo. Kuhusu wale wawili mtapata majibu mengi. Mimi niacheni nimseme wa tatu, maana nilishamkatia tiketi kwa mkono wangu.

Mwaka 2008 nilikuwa mweka hazina wa kikundi chetu, watu wa Rungwe tunaoishi Mbeya mjini. Tulikuwa walimu wawili, mimi fundi cherehani, dereva wa Hiace, wauza mbao wawili watatu, na vijana waliokuwa wakipiga muziki kwenye maharusi. Zahanati ya kijijini kwetu, juu ya Tukuyu, haikuwa na umeme. Muuguzi alikuwa akizalisha usiku kwa kubana simu ya tochi kwenye meno. Hili sikusimuliwa, dada yangu alijifungulia pale na alisema alikuwa anaona taa ikitikisika kila muuguzi alipotaka kusema "sukuma". Fundi wa sola alitupigia hesabu ya paneli, betri mbili, taa sita na waya: shilingi 1,850,000.

Wazo la wimbo lilikuwa la mpiga gitaa wetu. Mwalimu mmoja akasema basi tutunge wa kwetu, akaanza hata kutaja vina. Yule kijana akamkatiza kwa heshima: "Mwalimu, wimbo mpya watu watausikiliza. Wa zamani watauimba." Pale sikuona ukubwa wa neno hilo.

Tukachagua wimbo wa bendi ya huku kwetu, wa miaka ya sabini, enzi ambazo bendi ya mkoani ilifunga safari hadi Redio Tanzania Dar es Salaam kurekodi, na wimbo ukishapita hewani hata mchunga ng'ombe wa Usangu anaujua. Sote tuliukuta redioni tukiwa watoto. Kiitikio chake tulikijua hivi: "Watu, rudi nyumbani, moto unazimika." Mwalimu wa Kiswahili akasema "watu, rudi" ni kosa, tukasahihisha: "Watu, rudini nyumbani." Tukakubaliana kwamba mtunzi alikuwa anawaita wana wa Rungwe waliotawanyika Dar, Chunya na Zambia, warudi wajenge kwao. Ulikaa kwenye shughuli yetu kama umeshonwa kwa vipimo. Na hakuna aliyeuliza ni wa nani. Bendi yenyewe ilishakufa, nasi tukachukulia kwamba bendi ikifa nyimbo zake zinakuwa kisima cha kijiji, kila mwenye ndoo achote.

Studio ilikuwa Mwanjelwa, chumba kimoja kilichogongelewa magodoro ukutani. Shilingi 80,000. Tuliingia saa nane mchana tukatoka saa sita usiku kwa sababu umeme ulikatika mara mbili, na mara ya pili prodyuza alikuwa hajahifadhi kazi. Tukachoma CD 300 kwenye kompyuta ya shemeji yangu, jalada lina picha ya zahanati iliyotolewa fotokopi hadi zahanati ikafanana na kichaka. Gharama 700 kila moja, bei 3,000.

Hazikupita siku tisa, vijana wa stendi ya Kabwe walikuwa wanaiuza CD yetu kwa 1,000, wamechoma za kwao. Mwenyekiti alikwenda kuwafokea. "Mnakula jasho la watu!" Mimi nilikuwa nyuma yake na niliongezea la kwangu, tena kwa sauti. Mmoja wao alitutazama tu, akaendelea kupanga meza.

Uzinduzi tuliufanyia Tukuyu, mwezi wa Aprili. Anayeijua Tukuyu ya Aprili ameshacheka. Mvua ilianza asubuhi na ilikuwa haina mpango wa kwenda popote. Kiingilio 2,000, meza mlangoni, mimi na kaunta buku langu na mwavuli niliofungua ndani ya nyumba kwa sababu bati lilikuwa linavuja juu ya hazina. Mgeni rasmi, mfanyabiashara wa mbao, alisoma hotuba ya kurasa nne na hakuna aliyesikia hata neno moja kwa kelele za mvua. Tulimwona mdomo ukienda. Alipokunja karatasi tukapiga makofi, naye akafurahi akatoa laki tano taslimu. Kisha mnada. Jogoo mmoja aliuzwa mara nne, kila mnunuzi anamrudisha kwa kikundi, hadi jogoo mwenyewe akachoka kubebwa akalala mezani. Mkungu wa ndizi ulinunuliwa na mtu mwenye shamba la ndizi.

Yule mzee aliingia kabla ya mnada, amevaa koti la mvua la kazi, lile la watu wa reli. Alitoa 2,000 nikamkatia tiketi. Nilimwamkia, akaitikia, akaenda kukaa benchi la nyuma karibu na mlango. Sikumtilia maanani.

Wimbo tuliupiga mara tatu. Mara ya tatu ukumbi mzima ulisimama, kina mama wanapiga vigelegele, mtu mzima anaimba amefumba macho, "Watu, rudini nyumbani", na waliotoka mjini wanaimba zaidi kwa sababu ndio walioitwa. Nikageuka kutazama kama kuna anayetoroka bila kuchangia (kazi ya mweka hazina ni hiyo), nikamwona yeye amekaa. Haimbi. Midomo imefungwa, mguu mmoja tu unahesabu.

Baadaye akaja mezani kwangu. Akanunua CD, akatoa noti ya 5,000. Nikamhesabia chenji akaisukuma kwa kidole.

"Maneno mmepewa na nani?"

"Tuliyasikia redioni, baba, tangu utoto."

"Ni Atu," akasema.

Sikuelewa. Mvua, vigelegele. Nikainama. "Samahani, baba?"

"Ni Atu. Si watu. Atu, rudi nyumbani."

Akaifuta CD kwa ncha ya shati, akaiingiza ndani ya koti, akasema anawahi gari la Mbeya. Nilibaki na chenji yake mkononi. Atu, kwa msiojua kwetu, ni Atupele kwa kifupi, na kila ukoo unaye mmoja au wawili. Alikuwa anamwita mtu mmoja. Mwalimu wetu alikuwa amesahihisha sarufi ambayo haikuwa na kosa lolote.

Mpiga gitaa nilipomwambia alitoka mbio kwenye mvua bila kofia. Gari lilishaondoka. Wiki ile ile tukaulizia, na watu wa Tazara wakatuambia ndiye, alikuwa anapiga gitaa na kutunga kwenye ile bendi, kisha akaajiriwa relini hadi kustaafu, na nyumba yake haiko mbali na stesheni. Tukapanga kwenda na mchele wa Kyela na kanga ya mkewe. Kila Jumamosi ikawa na msiba au send-ofu. Mwaka 2013 tukasikia ameshazikwa. Atu alikuwa nani, mke, binti, dada, hatukuwahi kujua, na kila mmoja kikundini ana Atu wake aliyemtunga mwenyewe.

Sasa hesabu, maana kaunta buku bado ninalo. CD tuliuza 143, nyingine zilidoda. Ukitoa studio na gharama za kuchoma zote 300, faida ni 139,000. Viingilio 424,000, watu 212 kwenye mvua ile. Mnada 361,000. Mgeni rasmi 500,000. Ahadi ziliandikwa 870,000, na hapo ndipo viatu vyangu vilipoishia, kwani miezi mitano nilizunguka Mwanjelwa, Soweto na Sae nikidai, nikaambulia 455,000. (Mwenye kuahidi jukwaani mbele ya wakwe zake msimwandike kwa kalamu ya wino.) Toa ukumbi na chakula 120,000. Chenji ya mzee, 2,000, ina mstari wake wa peke yake. Jumla 1,761,000. Fundi akapunguza taa moja na maneno mengi.

Tazameni hiyo CD. Shilingi 139,000 hainunui hata betri. Hakuna aliyenunua wimbo. Wimbo ndio uliowatoa watu majumbani, ukawasimamisha, ukawalegeza mifuko, na uliweza kwa sababu walikuwa nao kifuani miaka thelathini kabla sisi hatujafikiria sola. Huo ndio mtaji. Sisi tulikuja na vipaza sauti. Mwenye mtaji alilipa kiingilio, akanunua CD, akaacha chenji: shilingi 7,000. Na kwenye orodha ya shukrani tuliyobandika zahanati, jogoo ametajwa, yeye hayumo.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilikuwepo tangu 1999, na kwamba kazi ya mtunzi inalindwa uhai wake wote na miaka 50 baada ya kufa. Maana yake wakati ule wimbo ulikuwa wake kabisa, na hata leo ni wa wanawe. Wale vijana wa Kabwe niliwafokea kwa kosa langu mwenyewe.

Wenzetu wa nje, kama ni mfano, wamekuwa wakienda na mwenye wimbo. Meli ya abiria ya Uingereza ilipozama Zeebrugge tarehe 6 Machi 1987 wakafa watu 193, wanamuziki waliurudia "Let It Be", wimbo wa Beatles, kuwachangia wafiwa, na Paul McCartney mwenyewe sauti yake imo. Baada ya tetemeko la Haiti la 2010 Wamarekani waliurekodi upya "We Are the World", ule wimbo wao wa 1985 wa kuchangia wenye njaa. Michael Jackson alikuwa ameshafariki, lakini Lionel Richie, aliyeutunga naye, alikuwa studioni anasimamia kazi. Siku hizi hata ukienda kimyakimya, YouTube ina mtambo unaotambua wimbo uliosajiliwa, na hela za matangazo zinaweza kwenda kwa mwenye nao wakati wewe unasubiri za mgonjwa. Ila mtambo huo hauwezi kumtambua mzee wa Tazara ambaye hakuna aliyemsajili popote.

Kufikia hapa nilikuwa nimeshaandika hukumu: asiyeomba ruhusa asirekodi, hata kama fedha ni za yatima. Nikaacha kalamu nikalala.

Sasa niwaambie kwa nini swali lenu lilinichoma. Mwezi uliopita mtoto wa dada yangu, anayesoma chuo Iringa, alikuja na wenzake wawili. Mwenzao mmoja anatakiwa kufanyiwa upasuaji wa moyo Dar es Salaam. Wana biti kwenye simu, wana lipa namba, wanataka kurekodi wimbo wa zamani. Wameleta na soda kreti nzima, wamekaa kwa adabu. "Mama mdogo, tumekuja kuomba ruhusa. Wimbo ni wenu."

Akabonyeza simu. "Watu, rudini nyumbani."

Wameujua kutoka kwenye CD yetu. Moja ya zile zilizochomwa Kabwe, nadhani.

Niliwaambia habari yote, mvua na jogoo na koti. Walisikiliza vizuri. Nikawaambia kwamba watoto wa mzee wapo, mmoja yuko Makambako anauza vipuri, simu yake naweza kuitafuta kwa watu wa Tazara. Mpwa wangu akauliza itachukua siku ngapi, kwa sababu tarehe ya hospitali imeshapangwa. Sikuwa na jibu. Nikawaambia, rekodini.

Ndiyo, baada ya yote niliyoyaandika hapo juu. Ningekuwa mimi ndiye mama wa yule kijana mgonjwa ningewaambia warekodi jana. Namba ya Makambako naendelea kuitafuta, na nimewawekea sharti kwamba ikipatikana, hata kama fedha zimeshakwenda hospitali, watakwenda wenyewe kwa miguu yao kumweleza, wala wasipeleke mchele wa mwaka kesho kama sisi. Sijui kama hilo ni ruhusa au ni wizi wenye adabu. Na jina la mzee liandikwe kwanza, juu ya majina yao. Hilo wamekubali bila ubishi.

Walipokataa ni kwenye Atu. Nilitaka waimbe maneno yake. Mpwa wangu akanitazama kwa huruma kidogo. "Mama mdogo, tukiimba Atu, watu watajuaje kwamba tunawaita wao?"

Nimewaomba basi angalau kiitikio cha mwisho, mara moja tu, Atu. Wamesema watafikiria.