Fundi Anajibu: Mvua imenyesha, pampu bado inamwagilia

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Machame. Mama ana kitalu cha miche ya kahawa aliyoichukua TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa pale Lyamungu, nikamfungia kihisi cha unyevu chenye vidole viwili, bodi ya Arduino Uno (kikompyuta kidogo kinachosoma kihisi na kuamuru pampu) na pampu ndogo. Mwanzoni kilifanya kazi vizuri. Siku hizi hata mvua ikinyesha usiku kucha kinasema udongo mkavu, pampu inamwaga maji, miche inageuka njano. Mama anataka niking'oe. Akili unde imeniandikia programu upya tena na tena, wapi! Tatizo nini?

JIBU: Marahaba. Kwa hilo niko upande wa mama: king'oe, kisha ukisuuze na ukitazame juani. Utaona kidole kimoja bado kina afya na cha pili kimeliwa, kingo zimechimbika, kimeota ukoga wa kijani. Hicho ndicho cha upande wa chanya. Ukoga huo ni chumvi ya shaba, ndugu yake mrututu tunaopulizia chulebuni, ule ugonjwa wa kahawa.

Umeunganisha waya wake kwenye volti 5 moja kwa moja, sivyo? Basi umeme unapita kwenye udongo mbichi usiku na mchana, na metali ya upande wa chanya inayeyukia udongoni. Ni elektrolisisi ile ile ya kidato cha tatu. Kidole kikiisha, umeme unapita kwa shida, namba ambayo bodi inasoma inapanda kuelekea 1023, yaani ukavu wa mwisho, na bodi inaelewa kwamba pamekauka. Programu haina kosa. Akili unde uliiuliza habari za programu, ikakujibu programu. Kidole chenyewe haijakiona.

Nunua kihisi kipya, waya wake wa chanya uuhamishie pini namba 7 ya bodi, ambayo programu inaweza kuiwasha na kuizima. Programu iiwashe pini hiyo, isubiri kidogo, isome, izime. Kila nusu saa inatosha, kitalu hakikauki kwa dakika moja. Kihisi kinakula umeme kidogo, pini inakimudu. Pampu usithubutu kuiweka hapo! Iwe na betri yake na rilei, yaani swichi inayowashwa na bodi.

Ukipata hela, chukua kihisi cha kapasita, ambacho metali yake imefunikwa, haigusi udongo. Kingo zake zipake rangi ya kucha, maana maji hupenyea hapo, na sehemu ya juu yenye vifaa ibaki nje ya udongo.

Halafu pima mwenyewe: kopo la udongo mkavu wa kitalu hicho hicho, na jingine ulilolimwagilia sasa hivi. Andika namba zote mbili, kiwango chako cha kuwasha pampu kiwe katikati. Namba za mtandaoni ni za udongo wa watu wengine.

Mimi pia huiachia akili unde iniandikie programu macho yakichoka, lakini maji siiachii. Weka kikomo: pampu isizidi sekunde 10 kwa mara moja, kihisi kiseme kitakavyo. Na funga swichi ya kuizima kwa mkono, mahali mama anapofika bila kukuita.