Ukienda Bahla, lala Nizwa kwanza

Wengi wetu tunaokwenda Oman huishia Muscat: soko la Mutrah, Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, kuwasalimia jamaa, kisha uwanja wa ndege. Ndugu yangu, jitahidi ufike mikoa ya ndani, chini ya milima ya Jebel Akhdar, ukauone mji mdogo wa Bahla. Nenda kati ya Novemba na Februari, maana kiangazi joto hupita nyuzi 40.

Lakini usianzie Bahla. Ngome yake ni kubwa mno, na nilipoitembelea vyumba vingi vilikuwa vitupu, havina maelezo. Asiyejua anachokitazama atachoka upesi. Lala Nizwa, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari kutoka Muscat. Ukifika Alhamisi jioni, Ijumaa asubuhi mapema utauwahi mnada wa mbuzi: wenye mifugo wanazunguka nayo, wanunuzi wamewazingira, bei zinapazwa. Ngome ya Nizwa ina saa tofauti siku ya Ijumaa, kwa hiyo ulizia kabla.

Ndani ya mnara wake wa duara, ngazi zimepindapinda, na juu ya kila mlango kuna tundu la kumwagia adui asali ya tende iliyochemshwa. Aliyeujenga ni Imam Sultan bin Seif, mtawala wa Oman zama hizo, yule aliyewatoa Wareno Muscat mwaka 1650. Mwanawe Seif ndiye ambaye majeshi yake yaliiteka Fort Jesus ya Mombasa mwaka 1698. Kwa mtu wa pwani yetu, hapo historia inakuwa ya nyumbani kabisa.

Bahla iko kilomita 40 hivi mbele. Baada ya Nizwa utaielewa: hapa pana kisima, hapa msikiti, hapa walinzi walisimama. Vaa viatu vya kufunga, chukua maji na tochi, na watoto washike mkono, kwani kuna kuta fupi zenye shimo upande wa pili. Kisha toka nje ufuate ukuta wa mji, wenye urefu wa kilomita 12 hivi, unaozunguka mitende na nyumba. Tafadhali usiupande. Ni matofali mabichi ya udongo, na mvua huyala. UNESCO iliiandikisha ngome hii kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1987, na mwaka uliofuata ikaiweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Haikuondolewa humo hadi 2004, baada ya ukarabati mrefu. Inaniuma kuona watu wakiparamia kwa ajili ya picha.

Ukibakiwa na muda, husuni ya Jabrin iko karibu sana, na dari zake zilizochorwa maua ni nzuri kuliko chochote nilichokiona Oman. Ilijengwa na Imam Bil'arab, ndugu yake Seif. Ndugu hao waligombea uimamu, Seif akamzingira mwenzake humohumo, na Bil'arab amezikwa ndani.

Vaa nguo za heshima, mabega na magoti yafunikwe. Wasalimie wazee sokoni. Usishangae mmoja akikujibu kwa Kiswahili, kwani familia nyingi za huku zimewahi kuishi Zanzibar na mwambao. Na kabla hujaondoka Bahla, pita kwa wafinyanzi. Mtungi mdogo ukiuviringisha kwenye kanga na kuubeba mkononi, utafika salama.