Trekta limeitwa na kiwanda: maswali ya wenye matrekta Dodoma na Singida

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu jambo moja. Kampuni inayotengeneza matrekta imewaita wateja wake wapeleke matrekta ya kundi fulani yakabadilishiwe kifaa ndani ya giaboksi, na ujumbe umewafikia wakulima kuanzia Kongwa hadi Manyoni. Jina la kampuni naliacha, maana ninayoyasema hapa yanamfaa mwenye trekta lolote lililoitwa.

Shikamoo mtaalamu. Nimepata ujumbe kwenye simu kwamba trekta langu limo kwenye orodha ya yanayotakiwa kurudishwa. Majirani wananiambia nisithubutu, likishaingia yadi ya wakala halitoki. Nifanyeje? (Kijana mkulima, Kibaigwa)

Marahaba. Kwanza hakikisha ni lako kweli linaloitwa. Tafuta kibati cha chuma chenye namba ya mashine, kipige picha, kisha piga simu kwa wakala ukitumia namba iliyo kwenye risiti uliyonunulia, siyo iliyokuja na ujumbe. Giaboksi nayo mara nyingi ina namba yake iliyogongwa kwenye chuma chenyewe. Ipige picha pia. Wito wa kiwanda hulenga mashine za kipindi fulani, kwa sababu kasoro huanzia mahali mahususi: shehena moja ya beringi, au gia ambazo chuma chake hakikukomazwa inavyotakiwa. Ndiyo maana trekta lako na la jirani yanaweza kufanana rangi na modeli, likaitwa moja tu. Atakayekuomba pesa "ya usajili" ili uingie kwenye orodha ni mwizi.

Hofu ya majirani naielewa, lakini wito wenyewe si dalili ya hila. Desemba 2024 John Deere iliwaita wateja wake Marekani kwa zaidi ya matrekta madogo laki moja kwa sababu ya kasoro iliyogusa breki. Kampuni inayosema mapema ni afadhali kuliko inayonyamaza. Cha kufanya ni kutolikabidhi trekta kwa maneno matupu. Dai hati ya mapokezi yenye namba ya mashine, saa zilizosomeka kwenye mita, hali ya matairi na betri, vifaa vilivyokuja nalo, tarehe ya kulichukua, na jina na saini ya aliyepokea.

Trekta langu halijaonyesha dalili yoyote mbaya. Mvua ziko karibu na nina wateja wanaosubiri kulimiwa. Siwezi kumaliza msimu kwanza, nikalipeleka Mei? (Bahi)

Swali hili limeulizwa na wengi kuliko mengine, na nitakaa nalo.

Najua unachokipigania. Mvua zetu Dodoma huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, zinakatika Aprili, na kwa wastani hazifiki milimita 600 kwa mwaka. Shamba lisilolimwa mvua za kwanza zinapodondoka limeshapoteza kitu kisichorudi. Mtu anayekwambia "simamisha tu trekta" bila kuliona hilo hakusaidii.

Lakini usiamue kabla ya kujua kasoro ni ipi. Mwandikie wakala, hata kwa WhatsApp, umwulize mambo matatu: kifaa gani kina kasoro, kikiharibika trekta linafanya nini, na je, liendelee na kazi au lisimame. Majibu yake yanatofautiana sana. Kuna wito wa kubadilisha sili inayovuja, ambao unaweza kusubiri sevisi ijayo. Na kuna wito wa gia kuchomoka au shafti kukatika. Huo hausubiri Mei.

Sababu ni hii. Trekta linaloteremka na tela lenye magunia linazuiwa na breki, na pia na injini kupitia gia. Gia ikichomoka, uzito wote unabaki kwa breki peke yake, na kwenye mteremko mkali breki hizo zinaweza kushindwa. Zaidi ya hapo, kwenye matrekta mengi oili ya giaboksi ndiyo hiyohiyo ya difu, ya haidroliki na ya breki zilizozama ndani ya oili. Jino la gia likimeguka, chembe zake husambaa na oili hadi kwenye beringi na pampu, na kazi iliyokuwa ya kubadilisha kifaa kimoja inakuwa ya kufungua kila kitu.

Kutokuonyesha dalili hakunitoshi. Ufa kwenye chuma hauna sauti mpaka siku unapoachia. Hata hivyo kuna cha kuangalia: kama nati ya kumwagia oili ina sumaku, ifungue fundi akiwepo. Uji laini wa kijivu ni wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvihisi kwa kidole si vya kawaida, na hapo simamisha trekta siku hiyohiyo, hata kama umeruhusiwa kuendelea.

Ukiruhusiwa kwa maandishi kuendelea, lima kwenye tambarare tu, usifunge tela, usibebe watu. Ukiambiwa lisimame, omba upangiwe tarehe ya mapema, na wateja wako waelekeze kwa mwenye trekta mwingine au kwenye plau la ng'ombe, mapema, kabla hawajakosa vyote viwili. Wapo watakaokuahidi kuja kulitengeneza shambani. Kama kazi inahitaji kulitenganisha trekta katikati, kataa. Giaboksi iliyofunguliwa kwenye vumbi letu itafungwa na mchanga ndani.

Mbukwenyi! Wakala yuko Dodoma mjini, mimi niko ndani huko Kondoa. Nani analipa lori la kulibeba trekta? Na siku nitakazokaa bila kazi nitafidiwa? (Mama mwenye matrekta mawili)

Mbukwenyi mama. Kifaa na ufundi havikuhusu kulipa. Kasoro ni ya kiwanda. Usafiri ndipo mvutano ulipo, na watu wengi wanalipa kwa sababu hawakuuliza. Uliza kabla trekta halijatoka nyumbani, na upate jibu la maandishi. Wakishasema lisiendeshwe, wana kazi ngumu ya kueleza kwa nini gharama ya kulibeba iwe yako. Na usikubali litembezwe lenyewe mpaka mjini ili kuokoa nauli ya lori, maana hapo unafanya kilekile ulichokatazwa.

Fidia ya siku zilizopotea ni ngumu zaidi, na mikataba mingi ya mauzo inaikataa. Dai hata hivyo, lakini kwa hesabu safi. Tuseme unalima ekari 8 kwa siku kwa Sh60,000 kila moja. Sh480,000 ni mapato, siyo hasara. Toa dizeli, toa malipo ya dereva na utingo, ndipo upate ulichopoteza. Andika daftarini tarehe, jina la mteja aliyekuwa ameshaagiza, na ekari zake. Dai lenye majina na tarehe linasomwa.

Sheria ipo upande wako kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji na ina vifungu kuhusu usalama wa bidhaa na bidhaa zenye kasoro kurudishwa. Wanaoisimamia ni Tume ya Ushindani, FCC. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, nayo inataka kitu kilichouzwa kifae kwa kazi iliyokusudiwa. Anza na barua kwa wakala, nakala kwa afisa biashara wa halmashauri. Wakala akikaa kimya, nenda Tume ukiwa na barua hiyo mkononi.

Kabla ya wito kutoka, giaboksi yangu ilishafunguliwa na fundi wa hapa mtaani, akabadilisha beringi. Sasa wakala anasema sihusiki tena kwa sababu imeguswa, na waranti imeisha. (Mpwapwa)

Ndugu yangu, hapo wamechanganya mambo mawili. Waranti ina mwisho wake, wa miezi au wa saa za kazi. Wito wa kasoro unahusu kosa lililokuwemo tangu trekta linatoka kiwandani, na kosa hilo halikufutwa na tarehe ya waranti kupita. Waambie wakuandikie kwa nini wanakukatalia, wakitaja namba ya trekta lako. Wengi wakitakiwa kuandika hubadili kauli.

Haki iende pande zote, lakini. Kama fundi alifunga beringi isiyo yake, au alichomelea mahali pasipochomelewa, uharibifu uliotokana na hilo unaweza kuwa wako. Mlete fundi huyo aeleze alichofanya, na kama vyuma vya zamani bado viko gereji kwake, vichukue leo. Ndivyo vitakavyoonyesha kwamba beringi iliharibika kabla yeye hajaigusa. Siku zote ukitengenezewa mashine, ondoka na vilivyotolewa.

Nilinunua mtumba uliotoka Japani, hauna wakala hapa nchini. Nitajuaje kama uliitwa? (Manyoni)

Peleka namba ya mashine kwa mtengenezaji mwenyewe kupitia tovuti yake au barua pepe. Wakala wa hapa ambaye hakukuuzia anaweza kukataa kukutengenezea bure, lakini ukishajua kasoro ni ipi unaweza kununua kifaa sahihi. Jihadhari tu, kifaa cha modeli ya soko la Japani si lazima kiingie kwenye modeli inayouzwa Afrika hata kama majina yanafanana.

Trekta ni la chama chetu cha ushirika, tulikopeshwa na benki. Likikaa yadi mwezi mzima, rejesho linasimama? (Katibu, Kongwa)

Halisimami lenyewe. Iandikieni benki kabla ya tarehe ya rejesho, mkiambatanisha ujumbe wa wito na hati ya mapokezi ya yadi, mwombe kusogezewa. Benki hupenda kuambiwa mapema. Pia angalieni kadi ya trekta na fomu za ununuzi zina jina la nani na simu ya nani. Nimeona vyama ambavyo ujumbe wa wito ulikwenda kwa mwenyekiti aliyeshatoka madarakani, trekta likaendelea kulima. Peleka kwa wakala barua yenye namba za katibu na mweka hazina wa sasa.

Nikienda kulichukua, nitajuaje kweli wamebadilisha? (Chemba)

Omba kuonyeshwa kifaa kilichotolewa, na karatasi yenye namba ya trekta inayosema wito umetekelezwa. Usiridhike kuliwasha yadini. Lijaribu likiwa na mzigo, gia zote, mbele na nyuma, na uinue jembe kwa haidroliki. Kagua uvujaji baada ya siku ya kwanza ya kazi, na uliza kama filta imebadilishwa pamoja na oili. Karatasi ile itunze na kadi; siku ukiuza trekta mnunuzi ataiulizia.

Mimi ni dereva tu. Gia ya tatu inachomoka nikiwa na tela. Bosi anajua kuhusu wito lakini anasema niende polepole. (Chamwino)

Kijana wangu, usilipande na tela tena.

Mwenye trekta akisoma hapa, namwambia moja kwa moja: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inakubebesha wewe jukumu la mashine anayofanyia kazi mtu uliyemwajiri, na shamba ni mahali pa kazi. Ujumbe wa wito uliopo kwenye simu yako unathibitisha kwamba ulijua. Dereva huyo akifa chini ya tela, hutaweza kusema ilikuwa ajali isiyotarajiwa.

Kwako wewe dereva, mtumie bosi ujumbe wa maandishi leo: gia ipi inachomoka, ukiwa wapi, na mzigo gani. Utunze. Na ikitokea gia ikachomoka ukiwa mteremkoni, usihangaike kuirudisha trekta likishachukua kasi. Kanyaga pedali zote mbili za breki kwa pamoja, zikiwa zimefungwa kwa komeo lake, maana ukikanyaga moja trekta litajipinda na kupinduka. Shusha jembe kama limefungwa nyuma. Likisimama, vuta breki ya mkono, zima injini, weka mawe kwenye matairi ya trekta na ya tela, na usilisogeze mpaka fundi afike.