Kabla hujamruhusu akubomolee "bure"

Ndugu uliyeuliza kama ni sawa mwenye tingatinga abomoe nyumba ya marehemu mzee wako pale Kilimani, Nairobi, bila malipo, mradi abebe kila kitu: hiyo bure utailipia. Mimi ni msimamizi wa mjengo, na nyumba kama hizo za enzi za mkoloni nimezibomoa kadhaa kupisha magorofa.

Jamaa ameona mali ya kuuza: vigae vya paa vya Mangalore (vya udongo wa kuchoma), mbao za mtarakwa zinazovibeba, milango, fremu za chuma na nyaya za shaba. Vitolewe kwa mkono, kuanzia juu kwenda chini. Kigae kizima ukikigonga kwa kifundo cha kidole kinalia kama kengele. Chenye ufa kinatoa sauti butu, hicho weka kando. Ukuta uliojengwa kwa chokaa, mawe yake yanaachia kwa patasi na unaweza kuyajengea ukuta wa ploti. Yaliyoshikwa kwa simiti mengi yatavunjika tu.

Kifusi cha zege kipondwe, ujaze chini ya sakafu na njia ya gari. Hivyo hadikoo (mawe ya kujazia) utanunua kidogo tu. Fundi asikuambie akichanganye kwenye nguzo. Simiti ya zamani iliyogandamana na kokoto inakunywa maji, ataongeza maji, na zege litakosa nguvu. Jasi nayo iondolewe kwanza. Kama kibanda cha nyuma kina paa la asbesto, usiliguse wala usiligawe kwa majirani; ita mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya.

Upande wa sheria, ile ya Kenya ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe na kinachoweza kutumika tena kitumike. Nzuri. Ila kifusi ni kizito, bei yake ni ya chini na kukisafirisha kunakula dizeli, ndiyo maana tipa zinamwaga usiku kando ya mto. Ripoti ya mazingira huuliza taka zitapelekwa wapi; mimi sijawahi kuombwa risiti ya zilikofika. Umoja wa Ulaya ulijiwekea lengo kwamba ifikapo 2020 asilimia 70 ya taka za ujenzi zisizo hatari zitumike tena au zirejelezwe, na hata kujazia mashimo kulihesabiwa! Sisi tungeanza na jambo dogo: kibali cha kubomoa kisitolewe bila orodha ya vinavyookolewa, na cha kujenga kisitoke kabla ya risiti za tipa kuonekana.

Kwa sasa orodha hiyo itengeneze mwenyewe. Zunguka nyumba na fundi unayemwamini, andikeni kila kitu na bei yake sokoni, kisha mkataba useme kipi chako, kipi chake, na kifusi kinamwagwa wapi. Chuma chakavu muuzie mwenye leseni chini ya Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015, na akupe risiti. Baada ya hapo ndipo mjadiliane malipo ya tingatinga.